Ua wa Hakimu

Kobe wa Mzee Longinus aliitwa Hakimu, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Mzee alikuwa karani wa mahakama ya Kibondo karibu maisha yake yote ya kazi. Siku alipomwokota yule kobe kwenye shamba lililokuwa likiungua kule Mabamba, alimwona akitoa kichwa taratibu, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akarudi ndani. "Huyu ni hakimu," Mzee akasema. "Amesikiliza pande zote mbili, sasa amekwenda kuandika hukumu." Bwana nyama, afisa wa wanyamapori wa wilaya, alimruhusu akae naye, mradi asimuuze wala asimtese. Tangu hapo Hakimu alitembea atakavyo kwenye kiwanja kikubwa cha Mzee, akila ukoka na maua ya maboga, akakua mpaka akatoshana na karai la zege.

Mwaka 2013, Pasaka ikiwa imepita tu, Mzee alianguka bafuni. Alipoinuliwa, mkono wa kulia ulikuwa umelegea, na mguu wa upande huo ukawa wa kuburuta. Mkewe alikuwa ameshafariki, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu wa kumpa hata maji ya kunywa, labda jirani akikumbuka. Binti yake wa pekee, Philomena, mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Kasulu, alikwenda kumchukua. Mzee aligoma. Akabembelezwa na paroko, akagoma. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: Hakimu naye aje, na akae mahali pa heshima.

"Kama yeye hana pa kukaa, na mimi sina pa kukaa," alisema. "Tutarudi wote."

Philomena akasema sawa. Angesema sawa hata kama baba angetaka ng'ombe alale sebuleni. Yeye ndiye aliyeambiwa na majirani jinsi Mzee alivyolala sakafuni tangu alfajiri mpaka jua lilipopanda, akiita watu wasiosikia. Alijua kwamba akirudi Kibondo na kuanguka tena, safari hiyo hataokotwa akiwa hai. Hilo lilimrudia kila alipomtazama baba akihangaika kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja.

Basi taabu ikaanza. Nyumba ya Philomena ilikuwa ya kupanga, na nyuma yake palikuwa na uwanja mpana tu wenye mparachichi, migomba kidogo na matuta ya maharage. Mara ya kwanza alimfunga Hakimu kamba mguuni. Mzee alipoona, alipiga fimbo chini. "Mshtakiwa ndiye hufungwa! Hakimu hafungwi!" Kamba ikafunguliwa. Philomena akaazima wavu wa kuku kwa jirani yake wa nyuma, Mwanaamina, mama mfugaji, akauzungushia vijiti.

Ulikuwa mkosi mtupu. Kutwa nzima Hakimu aliufuata ule wavu, akiusukuma kwa pua, akizunguka, akisukuma tena, mpaka pua ikachubuka. Majani ya viazi aliyowekewa yalinyauka bila kuguswa. Mzee alikaa barazani akimtazama, sahani yake mwenyewe ikipoa mapajani.

"Unaona anaelekea wapi?" alimwuliza binti yake. "Kibondo huko."

"Baba, anaelekea kila upande."

"Basi kila upande ni Kibondo."

Kisha akatangaza hukumu yake. Pasikali, mtoto wa mdogo wake, mfanyabiashara wa maharage mwenye Fuso, angepita Kasulu baada ya Nane Nane. Angemkuta Mzee amekalia begi lake, na Hakimu pembeni. Philomena alibishana kwa upole, akabishana kwa machozi, na siku moja, akiwa ametoka kusahihisha madaftari na kichwa kikimgonga, uvumilivu ukamwisha. "Haya nenda! Nenda ukaanguke tena, tuone safari hii atakuokota nani!"

Maneno yalipomtoka alitamani kuyarudisha mdomoni. Mzee alishika fimbo yake. Aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akajifunika blanketi, akageukia ukutani. Hakutoka tena kukaa barazani. Mafua nayo yakampata, kwa hiyo akapata na sababu ya kutotoka. Baba na binti wakawa watu wa "chai hii hapa" na "asante" tu.

Jumamosi iliyofuata Philomena alikuwa akifua. Kamba ya kuanikia ilijaa, akalitandaza blanketi bichi juu ya wavu wa Hakimu. Akaendelea na mashuka, na alipogeuka alishangaa: Hakimu alikuwa amefika kwenye blanketi, akasimama. Akainamisha kichwa. Akang'ata ukoka. Akala mpaka alipotoka nje ya kivuli cha lile blanketi, akaona wavu mtupu, akaanza tena kusukuma kwa pua.

Philomena aliacha beseni la povu. Alitoa mashuka, vitenge, hata mapazia ya sebuleni, akafunika wavu wote. Hakimu alikula mchana kutwa. Mwalimu mzima alisimama uani akicheka peke yake, na kama angeonwa na wanafunzi wake heshima ingepungua. Kobe hakuwa na habari na Kibondo! Alikuwa anaona majani upande wa pili, na haelewi kwa nini majani yanamkatalia. Mpe ukuta asioweza kuona ng'ambo yake, ataamini kwamba dunia imeishia hapo, na ataridhika nayo. Wako watu wazima ambao dawa hiyo hiyo ingewafaa.

Sasa ukuta wa nini? Mbao zilikuwa ghali, na saruji hata kuulizia bei hakuuliza. Lakini kiangazi kile, kama kila kiangazi, Kasulu ilikuwa inafuka moshi wa matanuri ya matofali, na moja lilikuwa la Felisiani, kule bondeni. Matofali yaliyokaa karibu na mdomo wa moto yalitoka meusi, yamepinda, mengine yameshikana mawili mawili. Fundi hayataki, na Felisiani aliyarundika njiani yakawa kero.

"Chukua yote, mwalimu, utakuwa umenisafishia njia," alisema. "Ila hayo hayanyooki. Unajenga nini?"

"Mahakama," Philomena akamjibu, akafunga furushi la kwanza kwenye baiskeli.

Mwenye nyumba, aliyeishi Buhigwe, aliombwa ruhusa kwa simu, akajibu kwamba mradi mparachichi wake usiguswe, wajenge hata uwanja wa mpira. Philomena akaanza. Kila akitoka shule alivaa kitenge cha zamani, akakanyaga udongo wa kichuguu na maji kwa miguu mpaka ukanata, akapanga matofali yake mabovu. Mistari ya chini aliizika ardhini, kwa sababu kobe huchimba. Juu ukuta uliishia magotini, kwani kobe haruki. Pembe hakuzitaka kabisa. Alikata kona kwa mviringo. Kule Kibondo Hakimu aliwahi kujibana kwenye kona ya jiko, akapanda, akaanguka chali, akakutwa anapiga miguu hewani. Tofali lililopinda, ambalo kwenye nyumba ni balaa, kwenye mviringo likakaa kama lililoagizwa.

Ngozi ya vidole ilipasuka. Walimu wenzake walimtania wakamwuliza kama amehamishiwa idara ya ujenzi. Hakujali. Upande wa kwanza ulipokamilika, mwekundu hapa na mweusi pale, umeinama kidogo lakini umesimama, alikuwa akitoka kila asubuhi na kikombe cha chai kwenda kuutazama tu. Hakuna cheti alichowahi kukipenda kama alivyoupenda ukuta ule. Habari za ukuta hakumwambia baba. Dirisha la chumba chake lilitazama barabarani, na Philomena alitaka amtoe nje siku kazi itakapokwisha, amwonyeshe, asiwe na la kusema.

Kabla ya kuendelea na pande nyingine, alianza na pa kulala. Usiku wa Kasulu wakati ule una baridi ya kukunjana, na Kibondo Hakimu alizoea kulala nyuma ya jiko penye joto. Philomena akachimba shimo chini ya migomba, akalijengea matofali ndani, akaacha mteremko mwisho mmoja ili kobe aweze kushuka. Angelifunika kwa magogo, udongo na majani. Huko aliweka matofali mazuri kuliko yote na kuyapanga kwa kamba, yakanyooka. Ijumaa jioni lilikuwa tayari, na kifusi chekundu kikiwa pembeni yake.

Hapo ndipo alipokosea, na mtoto yeyote wa mtaa ule angemwambia. Shimo la mstatili. Limejengwa matofali kwa ndani. Kifusi kando. Na nyumba yenyewe ni ya mgonjwa ambaye hajaonekana barazani siku nyingi.

Mwanaamina alilichungulia juu ya ua wa minyaa, alipokuwa akirudisha kuku bandani. Mwanaamina hakuwa mtu wa umbea. Alikuwa mtu wa taarifa. Akamwuliza Venanti, katekista, ambaye mchana huo huo alikuwa ameingia kumwombea Mzee. Venanti akasema kweli, hali haikuwa nzuri: alimsalimia Mzee mara ya kwanza na ya pili, hakumjibu, alikuwa amejifunika gubigubi kichwa na miguu. Wakatazamana. Zaidi ya hapo nani alihitaji kuambiwa?

Jumamosi asubuhi Philomena alikuwa anasukuma baiskeli kutoka kwa Felisiani na mzigo mwingine wa matofali. Alipokata kona ya nyumbani aliona watu. Wanawake walikuwa na kuni vichwani, wengine na ndoo za maji na maharage. Mabenchi ya jumuiya yalikuwa yamepangwa mbele ya mlango. Wanaume walisimama vikundi vikundi na majembe na sururu begani, wakiongea kwa sauti ya chini. Mwanamke mmoja alimwona, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia.

Baiskeli ilimponyoka. Matofali yakamwagika barabarani, naye akakimbia juu yake, kiatu kimoja kikabaki huko huko. Maneno yale aliyomwambia baba, "tuone atakuokota nani," yalikuwa yanampigia kelele masikioni. Alipasua umati kwa viwiko. "Baba! Baba yangu!"

"Naam," ikajibu sauti kutoka barazani.

Mzee Longinus alikuwa amekaa kwenye kiti chake, blanketi mabegani, pua nyekundu kwa mafua, katikati ya waombolezaji wake. Mbele yake Venanti alisimama ameshika rozari, anatamani ardhi impokee.

"Hawa wamekuja kunizika," Mzee akasema. "Nimefungua mlango mwenyewe, nikapewa pole. Nikauliza aliyekufa ni nani, hakuna aliyenijibu. Ndipo wakanipeleka nyuma nikaone." Sauti yake, ambayo haikuwa imetetemeka hata siku alipoanguka, sasa ilitetemeka. "Philomena. Umenipimia? Mama yako yuko Kibondo, nafasi yangu iko kando yake. Wewe umeshanichimbia hapa, kwenye kiwanja cha kupanga?"

Philomena alitazama baba, akatazama majembe, akaelewa. Furaha ya kumwona hai ikamjaa, na papo hapo hasira ikampanda, kwani vitu hivyo viwili kwake vilikaa chumba kimoja.

"Nikupimie?" alisema. "Shimo lile wewe ungeingiaje, Baba? Ukae humo umekumbatia magoti? Ni la Hakimu! Na ukuta ni wa Hakimu! Nakanyaga udongo kila jioni mpaka nyayo zinapasuka ili wewe usipande Fuso la Pasikali, halafu unaniambia nakuzika?"

"La Hakimu," Mzee akarudia.

"La Hakimu."

Ukarani ukamrudia Mzee. "Ushahidi," akasema.

Basi mtaa mzima ukahamia nyuma ya nyumba. Mzee alishikwa mkono na Venanti, ambaye alikuwa tayari kumbeba mpaka Kigoma kama angeambiwa. Philomena aliondoa mapazia, akamtoa Hakimu kwenye wavu, akamweka chini mahali ule ukuta mmoja ulipoishia kwenye migomba. Kobe akajifungia. Watu wakasubiri. Kuku wa Mwanaamina wakasikika ng'ambo. Halafu kichwa kikatoka, kikatazama kushoto, kikatazama kulia. Hakimu akatembea hadi ukutani, akaugusa kwa pua mara moja. Akageuka. Akaufuata taratibu mpaka penye mteremko, akashuka mguu mmoja baada ya mwingine, akafika chini palipokuwa na jua la asubuhi, akatua. Mbele yake palikuwa na jani la mgomba lililodondoka, akaling'ata.

Mzee alianza kucheka. Alicheka kwa upande mmoja wa uso, jinsi ulivyomruhusu, machozi yakimtiririka, na watu waliokuja na vilio vyao wakajikuta wanacheka naye. "Yemwe, jamani!" Mwanaamina alipiga vigelegele. "Tumekuja kwenye msiba, kumbe ni nyumba mpya!"

Hata hivyo wanaume hawakuondoka. Walisimama wakitazamana, wakitazama majembe yao. Mtaani kwao jembe lililotolewa kwa ajili ya kaburi halirudishwi nyumbani bila kugusa udongo. Likirudi kavu, watu huogopa kwamba litamtafuta mwingine, na hakuna aliyetaka awe wa kwake. Venanti alikohoa. "Mwalimu," alisema kwa unyenyekevu, "huna pengine mahali tuchimbe kidogo tu?"

Philomena alikuwa na mahali. Aliwaonyesha msingi wa pande zote zilizobaki, na alipoona wingi wao akaongeza, akapitisha mstari nyuma ya mparachichi, akazungusha matuta yote ya maharage, eneo ambalo peke yake angelimaliza labda Krismasi. Majembe yakaingia ardhini. Yale matofali ya barabarani yakaletwa, na wengine wakatumwa kwa Felisiani kuchukua zaidi, naye akaja nyuma yao kuona hiyo mahakama. Wanawake wakakanyaga tope wakiimba, na maharage ya msiba yakainjikwa kwa ajili ya mafundi.

Wanaume walitaka kona za mraba. Wakasema ukuta usio na kona si ukuta. Philomena, bado na kiatu kimoja, alikataa. Wakaanza kumweleza jinsi watu wanavyojenga.

"Ukuta huu ni wa kobe," akawaambia. "Kobe akipata kona anapanda, akipanda anaanguka chali, akikaa chali juani anakufa. Zungusheni."

Walimgeukia Mzee, kama kawaida ya wanaume wakitafuta mwanamume mwenzao. Mzee alikuwa amewekewa kiti chini ya mparachichi. "Mnaniangalia mimi?" akawauliza. "Mwenye jengo ameshasema. Zungusheni!"

Jua lilipopinda, ukuta ulikuwa umekutana na ukuta. Karai kuukuu lilizikwa mpaka mdomoni likawa bwawa la kuoga, na shimo likafunikwa kwa magogo na majani. Hakimu aliachiwa. Alizunguka mara moja kama anakagua, kisha akaingia kwenye majani ya maharage akapotea humo. Mpaka Jumapili baada ya misa watu walikuwa wanakuja kutazama, na Mwanaamina aliwapokea mlangoni na kuwaeleza tangu mwanzo, akijipa sehemu kubwa kidogo kuliko aliyokuwa nayo.

Jumatatu, Philomena akiwa anachemsha chai kabla ya kwenda shule, Fuso lilipiga honi nje. Tangu Jumamosi baba alikuwa amekula na kuongea, lakini la kubaki au kuondoka hakuligusa, na yeye hakuthubutu kuuliza. Alitoka na sinia la chai, akamkuta Pasikali ameshafika nyuma, na Mzee ndani ya ua, kwenye kiti chake.

"Shikamoo, baba mkubwa. Mzigo uko fresh, siti ya mbele ni yako. Twende zetu."

"Marahaba. Tembea kwanza kwenye huu ukuta."

"Nitembee?"

"Uzunguke wote."

Pasikali alizunguka, akirudisha macho kwa Mzee kila hatua chache kama mtu aliye kwenye usaili. "Unajua kaujenga nani?" Mzee akamwuliza aliporudi. "Dada yako. Hamna mfuko hata mmoja wa saruji humo. Ni matofali ambayo watu wameyatupa, na udongo wa kichuguu. Sukuma! Sukuma kwa nguvu, usiogope. Umeona? Mimi nilijenga nyumba tatu na mikono miwili mizima, na hakuna niliyoijenga vizuri hivi."

Philomena alisimama mlangoni na sinia lake. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia baba akimsifu mbele ya mtu. Hakujua aweke wapi macho.

"Umetisha, dada," Pasikali akasema. "Sasa baba mkubwa, begi liko wapi nilipakie?"

"Begi la nini? Sikiliza. Safari ijayo ukija, pita nyumbani uniletee kitanda."

"Kitanda? Si unacho hapa?"

"Kile cha mama yake Philomena. Cha mninga."

Ukoo mzima ulikijua kitanda kile. Mama alifia juu yake, na tangu siku hiyo Mzee hakuruhusu kisogezwe hata kwa kufagia uvunguni. Philomena alisogea, akaweka sinia juu ya ukuta. Alilia waziwazi, na hakuona haja ya kujificha.

"Ni kipana kile, baba mkubwa," Pasikali alisema taratibu. "Sijui kama kitapita mlango huu."

Mzee aliutazama mlango, akamtazama binti yake, na usoni mwake wasiwasi ukaonekana.

Philomena alijifuta machozi kwa kiganja kilichojaa mikwaruzo. "Kilete," akamwambia Pasikali. "Kisipopita, nitabomoa huo mlango nijenge upya. Kujenga najua."